Deni la kadi ya mkopo halishuki na kipato ni cha mama lishe: dada wa Nkuhungu afanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Nkuhungu hapa Dodoma, nalifupisha. Alikuwa ameajiriwa kwenye mradi wa shirika, benki ikampa kadi ya mkopo yenye limiti ya milioni 2. Mwaka 2019 mradi ukafungwa, akaimaliza kadi yote, nyingine aliitoa kesh kwenye ATM akalipa kodi ya nyumba na kuanzisha biashara ya chakula pale Sabasaba. Leo faida yake ni kama 12,000 kwa siku, ana watoto wawili, na kila mwezi anajitahidi apeleke benki 80,000. Deni limefika 3,150,000. Kuna mtu anampigia simu kwamba atakamatwa, kuna jirani amemwambia deni likipita miaka sita linakufa, kuna mkopeshaji wa mtaani yuko tayari kumpa milioni moja na nusu "apunguze" benki, na mume wake anataka wauze kiwanja chao cha Nala. Anauliza aanzie wapi.

Dada yangu pole, na nashukuru umeniwekea namba zote mpaka riba ulivyoisoma kwenye stetimenti, asilimia 2.5 kwa mwezi, maana bila namba ningekuwa nakubahatishia tu. Nimefanya kazi dawati la mikopo miaka mingi na ninachokwambia hapa ndo kile ningemwambia dada yangu wa tumbo moja.

Tuanze na hiyo 80,000. Chukua simu yako upige hesabu mwenyewe, 3,150,000 mara asilimia 2.5 unapata 78,750. Hiyo ni riba ya mwezi mmoja tu. Kwahiyo ukipeleka 80,000 yako uliyoibana kwenye mlenda na maharage, kinachogusa deni lenyewe ni 1,250, buku moja na mia mbili hamsini. Alafu umesema miezi mingine unachelewa siku tatu nne na unakatwa faini ya 20,000, sasa mwezi huo umelipa 80,000 na deni limeongezeka 18,750. Umekuwa mlipaji mzuri miaka yote hii, nataka ulijue hilo, usijione mzembe. Tatizo ni kwamba unalipa riba peke yake na kadi imetengenezwa hivyo, ule mstari wa "malipo ya chini" kwenye stetimenti unakulinda usiandikwe umeshindwa kulipa lakini haukutoi kwenye deni.

Na ile kesh uliyotoa ATM ndo ilianza kukuumiza mapema. Ukinunua kitu dukani kwa kadi ya mkopo ukalipa deni lote kabla ya tarehe waliyokupa, kwa kawaida hamna riba, ila ukitoa kesh unakatwa ada hapohapo na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, hakuna muda wa kupumua. Alafu riba usiyoilipa inaingia kwenye deni na mwezi unaofuata nayo inazaa riba. Ndivyo milioni mbili inavyofika tatu na ushee hata bila wewe kugusa kadi tena.

Sasa msimamo wangu ni huu, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo: kwako kazi ya kwanza ni kuzuia deni lisikue, kulipa kunakuja baada ya hapo. Mpaka benki ikubali kusimamisha au kushusha riba, hela yoyote unayopeleka inayeyuka. Tofauti ni kubwa sana angalia, wakikubali kusimamisha riba na faini na deni libaki hiyo 3,150,000, kwa 80,000 zako zilezile unamaliza kwa miezi 40. Wakikataa kusimamisha lakini wakaligeuza kuwa mkopo wa kawaida wa asilimia 16 kwa mwaka, na riba za mabenki huku kwetu kwa wastani zinacheza kwenye 15 hivi kwahiyo hujaomba muujiza, unamaliza kwa kama miaka minne na miezi minane. Kwa utaratibu wa sasa hivi, na hizo faini za kuchelewa, humalizi kabisa, hata miaka ishirini.

Je benki itakubali? Wengi wanaogopa hata kwenda kuuliza, wanadhani wakijitokeza ndo watashikwa. Ukweli ni kwamba benki inapata shida na mkopo usiolipika. Ukipita siku 90 bila kulipwa inavyotakiwa unahesabiwa mkopo chechefu, benki inalazimika kutenga hela kwa ajili ya hasara na Benki Kuu inaangalia. Alafu deni lako halina dhamana, hawana nyumba ya kupiga mnada kesho. Kwahiyo mteja anayekuja na mpango unaotekelezeka wanamsikiliza kuliko anavyofikiria, isipokuwa usiende kwa yule dada wa kaunta, yeye hana mamlaka hayo. Omba kuonana na kitengo cha urejeshaji mikopo au meneja wa tawi, na nenda na barua mkononi, nakala mbili, moja wabaki nayo nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Maneno ya mdomo benki hayana mwenyewe, afisa anahamishwa Singida na makubaliano yenu yanaondoka naye.

Kwenye barua usilie sana. Sema kazi iliisha lini, kipato chako leo ni kiasi gani, unategemewa na nani, umelipa nini mpaka sasa. Alafu omba vitu hivi kwa kuvitaja: mchanganuo wa deni unaoonyesha ngapi ni hela uliyotumia kweli, ngapi ni riba, ngapi ni faini na ada. Kadi ifungwe isiendelee kukatwa ada ya mwaka. Riba na faini visimamishwe kuanzia tarehe ya barua, faini zilizopita zifutwe, na deni lipangwe upya kwa kiasi unachokiweza. Na uliza kitu kimoja ambacho watu wanakisahau, kama kadi ilikuwa na bima ya mkopo, maana baadhi ya bima hizi zinagusa mtu aliyepoteza ajira au aliyepata ulemavu, na kama ulikuwa unakatwa hiyo bima kila mwezi una haki ya kujua ilikuwa inakulinda na nini hasa na kama bado kuna cha kudai.

Kiasi unachokiweza, hapo nataka tusimame kidogo. Umeniandikia 80,000 lakini hapohapo umesema mwezi wa mfungo biashara inashuka nusu, na umekopa unga dukani ili upeleke hela benki. Hiyo sio 80,000 unayoiweza. Faida ya 12,000 kwa siku 26 ni 312,000, toa kodi, toa chakula cha nyumbani, toa daftari na sare na nauli, toa kidogo cha mtoto kuumwa, mimi naona 50,000 ndo namba ya kweli. Ahadi ya 50,000 unayoitimiza kila mwezi ina nguvu kuliko 80,000 inayokatika mwezi wa tatu, maana mpango ukivunja wewe, benki inarudisha riba na mara ya pili hawakusikilizi vilevile. Dodoma tuna kitu kimoja cha kukusaidia, mji unachangamka Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka Juni, madereva, wageni, watu wa semina, na wewe mwenyewe umesema miezi hiyo sufuria zinaisha mapema. Waombe 50,000 miezi tisa na 120,000 hiyo miezi mitatu, inakuja 810,000 kwa mwaka na riba ikiwa imesimama unamaliza chini ya miaka minne. Hakuna ubaya wa kuomba mpango unaofuata msimu, wakulima wa alizeti na zabibu wanapangiwa hivyo mikopo yao na biashara yako nayo ina misimu.

Wakati unasubiri majibu usinyamaze kabisa, na usiache kulipa kimyakimya. Wapelekee kitu, hata kidogo, na uandike kwenye barua kwamba unalipa huku unasubiri. Lakini angalia, kama una akaunti nyingine kwenye benki hiyohiyo, soma mkataba wako, mara nyingi kuna kipengele kinachowaruhusu kukata hela yako yoyote iliyoko kwao kufidia deni. Hela ya mtaji wa kesho asubuhi ya kununua mchele na nyama usiipitishe huko, utaamka ukute sifuri na jiko halijawashwa.

Nije kwa huyo mkopeshaji wa mtaani maana hili ndo linanitia wasiwasi kuliko benki. Umesema anakupa 1,500,000 na unarudisha 60,000 kila siku kwa siku 30. Hiyo ni 1,800,000, laki tatu juu kwa mwezi mmoja, asilimia 20. Wewe faida yako kwa siku ni 12,000, hiyo 60,000 itatoka wapi? Itatoka kwenye mtaji, wiki ya pili biashara haipo. Na watataka uwaachie kadi yako ya ATM na namba ya siri, au kitambulisho, au wakuandikishe friji na kitanda na uweke saini, ndo maana watu wanaiita kausha damu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 wakopeshaji hawa wanatakiwa wawe na leseni, na kikomo kilichowekwa na Benki Kuu kwa daraja lao la pili (wanaokopesha bila kupokea amana) ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni moja na nusu hiyo ni 52,500, sio 300,000. Muombe akuonyeshe leseni uone atakavyokasirika. Na zile aplikesheni za simu za kukupa hela dakika tano nazo kaa nazo mbali, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya 69 zinazokopesha bila kibali, hizo ndo zinazomtumia meseji mpaka mchungaji wako na mwalimu wa mtoto kwamba wewe ni tapeli. Deni la asilimia 2.5 haliondolewi kwa deni la asilimia 20, hapo umehamisha tu mlango wa kugongewa, na huyu wa mtaani anagonga saa kumi na mbili asubuhi.

Simu za kukamatwa. Deni ni kesi ya madai, sio jinai, polisi hawana kazi ya kukusanya deni la benki na huwezi kuwekwa mahabusu kwa sababu umeshindwa kulipa kadi. Ingekuwa jinai kama ungeghushi salary slip au kutoa hundi hewa, wewe hukufanya hivyo. Akipiga tena muulize kwa utulivu jina lake, anatoka kampuni gani, na barua ya benki inayomteua kukusanya deni iko wapi, na mwambie mawasiliano yawe kwa maandishi. Usimtumie hata shilingi kwenye namba yake ya simu, hata akisema "tuma laki nikufungie faili", malipo yanaingia kwenye akaunti ya deni benki na unabaki na risiti. Andika tarehe na saa anazopiga na anachosema, tunza meseji zote.

Kinachoweza kutokea kweli ni benki kwenda mahakamani. Ukipata samansi nenda, tafadhali nenda, watu wengi wanaumia kwa sababu walijificha na hukumu ikatolewa upande mmoja. Ukienda unaweza kuomba mahakama ikupangie kulipa kwa awamu. Hata hukumu ikitoka, sheria ya mwenendo wa madai inakataza kukamata nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na magodoro ya familia, vifaa vya kazi vya fundi, na nyumba unayoishi na familia yako. Kwahiyo yule aliyekutishia kwamba watabeba masufuria yako hajui anachosema au anajua na anakudanganya. Kifungo cha madai kipo kwenye sheria, siwezi kukuficha, ila kinapitia kwa hakimu baada ya hukumu, na unapewa nafasi ya kujieleza kwanini usipelekwe. Ukiwa na barua zilizogongwa muhuri na risiti za 50,000 kila mwezi, mweleze hakimu hivyo na umuonyeshe.

Jirani yako wa miaka sita hajakudanganya kabisa ila kwako haifanyi kazi. Sheria ya ukomo inampa mdai miaka sita kufungua kesi ya mkataba, hiyo ni kweli. Lakini kila unapolipa sehemu ya deni, au unaposaini maandishi ya kukiri deni, hesabu inaanza upya siku hiyo. Umelipa mwezi uliopita, kwahiyo saa yako imeanza mwezi uliopita. Najua utafikiria, basi barua si itanirudisha nyuma pia? Kwako hakuna cha kupoteza maana malipo yako tayari yameshafanya hivyo. Angekuwa mtu ambaye hajalipa wala kusaini chochote tangu 2017 ningemwambia aonane na mwanasheria kabla ya kushika kalamu. Na kuna wanaosema riba haiwezi kuzidi deni la msingi, hiyo wameisikia Kenya, iko kwenye sheria yao ya mabenki kwa mikopo iliyoshindikana, usiende kuitaja kwa meneja wa Dodoma kama haki yako.

Kiwanja cha Nala. Namuelewa mume wako, anataka mlale usingizi. Lakini tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 tumeona viwanja vya pembezoni vinavyopanda, na anayeuza kwa haraka anauza kwa bei ya anayenunua. Pia kumbuka ile kinga niliyosema ni ya nyumba mnayoishi, kiwanja kitupu hakina kinga hiyo ikifika hatua ya kukaza hukumu (kuitekeleza kwa kukamata mali), kwahiyo sio kwamba hakiguswi kabisa. Mimi ningesema hivi, msiuze mpaka benki iwape kwa maandishi kiasi cha kumaliza. Waulizeni, "tukileta hela yote kwa mkupuo mtapokea ngapi na mtafuta ngapi?" Benki zikiona kesh ya mkupuo kwenye deni la zamani lisilo na dhamana zinaweza kusamehe faini na sehemu ya riba, wakati mwingine karibu yote. Wakisema wanapokea ile milioni mbili ya awali na kufunga faili, hapo kiwanja kina mazungumzo, kaeni wawili mpige hesabu. Wakisema leteni 3,150,000 yote, kiwanja kibaki na mwendelee na awamu. Kuuza kwanza alafu ndo kwenda kuongea ni kosa, ukiwa na hela mkononi na benki inajua, hawana sababu ya kukupunguzia.

Kuna njia ya katikati inayokufaa. Umesema uko kwenye kikoba mnachovunja Desemba. Kama benki itakataa kila kitu kwa sasa, endelea kulipa kidogo na kingine weka hisa kwenye kikoba, Desemba ukivunja unarudi na hela ya mkupuo kuomba tena punguzo. Ila usikope kikoba kulipa kadi, mkichelewesha mnagombana na wanawake wenzio ambao ndo watakuzika na kukuuguza. Na mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, hiyo ni ya biashara, itumie kukuza jiko kama kikundi chenu kina sifa, lakini usiichukue kwa lengo la kupeleka benki.

Kama benki haijibu barua yako au inaendelea kuongeza faini juu ya makubaliano, andika malalamiko rasmi kwa benki yenyewe kwanza, ukiambatanisha nakala ya ile ya muhuri. Wasipokutendea haki unapeleka Benki Kuu, kwenye dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na ofisi zao zipo hapahapa Dodoma huna haja ya nauli ya Dar. Kuna kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zinawataka watoa huduma wawe wawazi kwenye riba na tozo. Kulalamika Benki Kuu hulipii. Na kwa upande wa mahakama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akuelekeze kwa aliyesajiliwa, usimlipe kishoka wa nje ya mahakama.

Siku ukimaliza, iwe kwa awamu au mkupuo, usitoke benki bila barua inayosema deni limelipwa lote na kadi imefungwa, yenye jina lako, namba ya akaunti, tarehe na saini. Kama wamekusamehe sehemu, barua ya msamaha uwe nayo kabla ya kulipa, sio baada. Alafu mwezi mmoja au miwili baadae omba ripoti yako kwenye kampuni za taarifa za wakopaji, hapa nchini ni Creditinfo na Dun & Bradstreet, uangalie kama wameandika limefungwa, maana benki ndo inayowapelekea taarifa na ikisahau wewe ndo utakayekataliwa mkopo wa SACCOS huko mbele. Ukikuta bado linasoma kama deni, unawapelekea nakala ya barua na unadai lirekebishwe. Barua yenyewe ipige picha, itume kwa mume wako pia, na karatasi halisi iweke pamoja na hati ya kiwanja.